Nilikwenda zuu peke yangu, na yule kijana wa dirishani bado amenikaa kooni

Bei na saa za kufungua mtazisoma kwenye bango lao barabarani. Siwezi kumfanyia kazi ya matangazo mtu aliyenicheka. Jina la mahali nalo nalibana. Itoshe kusema ni bustani ya wanyama, ya mtu binafsi, nje kidogo ya Dodoma mjini, na bajaji inafika hadi getini.

Mimi ni mmoja wa wale tuliohamishwa na ofisi kuja huku. Watoto wako bweni, mwenzangu kabaki Dar. Jumamosi za Dodoma kwa mtu wa namna hii ni kufua, harusi ya mtu usiyemjua vizuri, au kikao cha kuchangia harusi nyingine. Jumamosi moja ya kiangazi, kipindi kile cha upepo na vumbi, nikasema leo sichangii mtu. Nakwenda kuangalia wanyama, mimi na mkoba wangu.

Nikafika dirishani. Ndani kuna kijana ambaye kwa umri ningeweza kumzaa. Shikamoo hakuna. Karibu hakuna.

"Mko wangapi?"

"Niko peke yangu."

Ndipo akatoa macho kwenye simu. "Peke yako? Watoto je?"

"Sijaja na watoto."

"Sasa mama, unakuja kuangalia nini?" Kisha akageuka nyuma, akamwita mwenzake kwa sauti: "We, njoo umwone huyu, kaja zuu peke yake!" Mwenzake akaja kweli. Akanitazama kuanzia kilemba hadi viatu, wakacheka wote wawili, na mimi nimesimama pale na hela mkononi.

Nikasema moyoni, yatapita. Hayakupita. "Kiongozi hatembezi mtu mmoja," akaniambia. "Lipia watano, au usubiri wenzako." Wenzangu wepi? Nikamuuliza hilo limeandikwa wapi, maana kwenye bango halipo. Akanijibu, "Ndiyo utaratibu, mama," akarudi kwenye simu yake. Hilo neno utaratibu nalifahamu, na mimi ni mtumishi wa umma. Mtu asiye na jibu ndiko anakokimbilia.

Nikakaa chini ya mwarobaini. Nikakaa mpaka kivuli kikanihama. Familia zikaingia, wapenzi wakaingia (wawili si watano, lakini hawakuulizwa kitu), mimi niko pale pale na chupa ya maji ya moto. Mwisho likaja basi dogo la watoto wa shule ya awali. Yule kijana akaninyooshea kidole toka dirishani: "Mama, unga na hawa."

Basi nikatembezwa kama mwalimu. Kiongozi alikuwa ananiita "tichaa" na kuniagiza niwatoe watoto kwenye waya. Mwalimu wao halisi, binti mpole kweli, alikuwa anacheka kwa aibu. Kwenye banda la simba dume alikuwa amelala, na kiongozi akaanza kurusha vijiwe kwenye wavu ili "watoto wamwone vizuri." Simba kulala ndiyo kazi yake, anaweza kulala hata saa 20 kwa siku. Mwacheni! Bwawa la mamba maji ya kijani kibichi. Choo hakina maji. Soda ya vuguvugu. Hata tausi siku hiyo nilimwona ana dharau. Najua siku nyingine huenda ningemsifia mkia, lakini mtu akishakuvuruga mlangoni, ndani huoni kitu kizuri.

Kwenye chatu nikawaacha waende. Nikabaki nyuma, nikajikuta kwenye banda la fisi, ambako mzee mmoja alikuwa anaingiza mifupa kwa koleo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama, karibu. Uko na wale watoto?"

Nikajiandaa kuchekwa tena. "Hapana, niko peke yangu."

"Afadhali," akasema. "Fisi hawapendi kelele."

Jamani. Nilitaka kulia pale.

Huyo mzee hakunikaririsha kitu. Alisema tu huku anafanya kazi yake. Akanionyesha yule mkubwa kuliko wote, akaniuliza ni dume au jike. Nikasema dume. Kumbe kwa fisi madoa jike ndiye mkubwa, na ndiye anayetawala. Dume hula baada ya wengine, hata watoto wa jike mkuu wako juu yake. Akanionyesha kinyesi chao cheupe kama chokaa, akasema ni kwa ajili ya mifupa wanayosaga. Watoto wao, akasema, huzaliwa macho wazi na meno tayari. Nikamuuliza kuhusu kile kicheko. Akatikisa kichwa. Fisi hacheki kwa furaha, mama. Ile sauti anaitoa akiwa na hofu, au anasukumwa na wakubwa, au ananyang'anywa chakula. Sikusema kitu, ila niliangalia upande wa lile dirisha la tiketi.

Nikamuuliza na lile ambalo kila aliyekulia kanda hii amelisikia, la wachawi kupanda fisi usiku. Akanijibu bila kuacha koleo: "Hawa nawafungia mwenyewe jioni na funguo nalala nazo. Anayetaka kupanda aje aniombe."

Kwa hiyo hapo kati nilikuwa nimeshabadili mawazo. Nendeni, nikasema, mahali ni pazuri. Wapo watakaoniambia Ruaha ipo, ushike barabara ya Iringa upite Mtera, ukaone simba asiye na wavu. Sawa. Lakini Ruaha ni gari, mafuta, malazi na kiingilio, na mtu mmoja anabeba gharama zote hizo peke yake. Tarangire nayo uvuke Kondoa na Babati kwanza. Mwenye Jumamosi moja na nauli ya bajaji, fisi wa nje ya mji wanatosha kabisa, na Dodoma ambayo ni jiji tangu 2018 inahitaji sehemu za namna hii za kupumzikia.

Nikafika getini kuchukua risiti, maana wakati naingia walisema karatasi za mashine zimeisha. Nikapewa ya kuandika kwa mkono. Imeandikwa: "Mwalimu 1."

"Umefurahi mama?" yule yule, sasa anatabasamu. "Utupe nyota tano basi. Siku nyingine uje na familia." Nikaomba kuonana na meneja. Meneja katoka. Anarudi saa ngapi? Hajasema. Namba yake ya simu? Tena ule ule: utaratibu.

Kwenye bajaji nilianza kuandika nyota nne. Tulipofika Sabasaba zimebaki mbili. Leo nimekaa, nimetulia, nimekunywa chai, nikaiona ile risiti kwenye mkoba, naweka moja. Mzee wa fisi anastahili zote tano ila hakuna pa kumpa za kwake mwenyewe, na nisingependa yule kijana azihesabu kuwa ni zake.

Mkienda, nendeni siku ya kazi, muulizeni mzee anayelisha fisi yuko zamu lini, na beba maji ya kunywa. Na kama uko peke yako, mwambie yule wa dirishani wenzako wanne wako nyuma wanaegesha gari.