Gemu za zamani: ipi ununue, ipi uiache dukani

Muuzaji akikusifia kidude chenye gemu elfu kumi, muulize kitu kimoja: nikibonyeza, inaitika papo hapo? Contra, Tekken, Winning Eleven, zote zilitengenezwa kwa kasi ya vidole. Kioo kikichelewa hata kidogo, umeshakufa kabla hujaruka. Kwa hiyo nimezipanga mashine tano kwa kipimo hicho kwanza, kisha urahisi wa kupata fundi na vipuri. Idadi ya gemu sikuihesabu kabisa.

1. PlayStation 2, ile nyembamba

Haina mpinzani. PS2 ilitoka 2000, nyembamba ikafuata 2004, na hadi Sony wanaacha kuitengeneza zilikuwa zimeuzwa zaidi ya milioni 150. Ndiyo maana mpaka leo lenzi, padi na mafundi wake hawatafutwi kwa tochi. Inasoma pia sidi za PlayStation ya kwanza, hivyo PS1 huna haja nayo. Tafuta tu memori kadi ya PS1, maana gemu zake hazihifadhi kwenye ile ya PS2.

Ndani yake kuna San Andreas, God of War, Def Jam: Fight for NY, na PES 6, ambayo kwangu bado ndiyo mpira mtamu kuliko wote wa watu wawili. Waliocheza wanamkumbuka Adriano wa Inter: akipata mpira nje ya boksi, kipa anasubiri tu kuuokota wavuni. Mabishano ya nani achukue Inter yalikuwa makali kuliko mechi yenyewe.

Dukani, igeuze usome namba chini. Za 70000 hadi 79000 zinatumia adapta ya nje ya volti 8.5, na adapta feki zimejaa. Za 90000 zina pawa ndani, waya wake ni ule wa redio, nami ndizo ninazozipenda. Ila toleo la mwisho la 90000 haliikubali kadi ya Free McBoot, yaani memori kadi inayofungua njia ya kucheza gemu zilizo kwenye flashi, basi kama unategemea kucheza kwa flashi, ijaribu hapohapo. Ukikuta imeandikwa 100V, hiyo ni ya Japani. Bila transfoma umeme wetu utaiunguza.

Nenda na sidi yako mwenyewe. Usiridhike na menyu kuonekana. Cheza kipindi kizima huku umetega sikio. Mlio wa tiki-tiki unaojirudia, au kioo chekundu, maana yake lenzi imechoka. Kisha itoe sidi uitazame mgongoni: ukiona mchubuko mpya wa duara, rudisha mashine kwa mwenyewe. Padi nayo ipime. DualShock 2 halisi inajua umebonyeza kwa nguvu kiasi gani. Kwenye Metal Gear Solid 3 ukiachia kitufe cha mraba taratibu, Snake, shujaa wa gemu hiyo, anashusha bunduki bila kufyatua. Feki nyingi hapo zinafyatua tu.

Kwa wa flashi: USB ya PS2 ni ya 1.1, ile ya polepole, kwa hiyo video za katikati ya gemu hukwamakwama. Huo si ubovu, fundi asikule hela.

2. PSP

Hii ni PlayStation ya mkononi. Kioo na vitufe viko pamoja, kwa hiyo hakuna kuchelewa, na umeme ukikatika unaendelea kucheza. Chukua ya 3000 ukiipata. Ilaze mezani kifudifudi uangalie mfuniko wa betri: ukiwa umeinuka, betri imevimba, usiinunue nayo. Inashika nafasi ya pili kwa sababu moja, kwamba mara nyingi unacheza peke yako, na gemu bila mtu wa kumtania ni nusu ya gemu.

3. R36S

Kidude cha mkononi cha Kichina, kioo cha inchi 3.5. Kwa gemu za Super Nintendo, Game Boy Advance na PS1 kinatosha. Akikwambia kinacheza PS2, anakudanganya. Kadi inayokuja nayo ni dhaifu, hivyo nakili vilivyomo kwenye kadi nzuri siku hiyohiyo.

4. TV game ya kaseti za njano

Hizi ni nakala za Famicom ya Nintendo ya 1983. Kaseti imeandikwa 9999 kwa moja, ukihesabu ni zilezile chache zilizobadilishwa majina. Inunue kama una TV ya chogo, ile nene ya zamani. Bunduki ya Duck Hunt haipigi kwenye flati: ukivuta, kioo kinazima, kisha mraba mweupe unatokea alipo bata, na bunduki inautafuta mwanga huo saa ileile. Flati inachelewa kuuonyesha, bata anaondoka zake. Chogo ndiyo TV bora kwa PS2 pia, tena ina matundu ya njano, nyekundu na nyeupe ambayo flati nyingi mpya hazina.

5. Game stick ya HDMI

Ndiyo ile ya gemu elfu kumi. Kubonyeza kwako kunapita kwenye padi isiyo na waya, kisha programu inayoiga mashine ya zamani, kisha TV, na kila kituo kinakula muda wake. Kama umeshainunua, ingia kwenye mipangilio ya TV uwashe Game Mode, inayopunguza kuchelewa kwa picha, na betri za padi weka mpya.