Seti ya kujitunza nyumbani: ilikuja na vitu kumi, baada ya miezi miwili natumia vinne

Ngoja niseme mapema, hii seti niliinunua saa saba usiku nikiwa kitandani na simu usoni, na kitu ukinunua muda huo ujue hujanunua wewe, uchovu ndo umenunua. Jina la duka naliacha, sijaja kumharibia mtu biashara, na isitoshe seti za namna hii ziko kibao mtandaoni na zote zinafanana, kaboksi keupe, utepe, na kikaratasi kinachokuambia we ni wa thamani.

Ndani nilikuta fesiwoshi, tona, seramu, skrabu ya chumvi, losheni ya mwili, kikopo cha mafuta ya mgando, jiwe la kusugulia miguu, maski ya udongo, mshumaa wa harufu na daftari la kuandika unavyojisikia. Vitu kumi. Halafu kuna ratiba, asubuhi hatua sita jioni hatua tisa, na chini kabisa wameandika kwa wino wa dhahabu "siku 21 tu na itakuwa tabia yako".

Hiyo 21 ndo ilinitega. Mi nikaamini, nikaweka alamu, siku ya kwanza nikafuata kila kitu kuanzia hatua ya kwanza mpaka ya mwisho na nikamaliza nimechelewa kulala kwa dakika hamsini, yani nimejitunza mpaka nimekosa usingizi. Siku ya nne nikaruka mshumaa. Siku ya sita nikaruka jioni nzima, na siku ya saba sikugusa chochote kwa sababu nilijiona nimeshaharibu, si bora nianze upya Jumatatu.

Baadaye nikaja kugundua hiyo namba yenyewe ina historia ya ajabu kidogo. Kuna daktari wa upasuaji wa sura huko Marekani, Maxwell Maltz, aliandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake huchukua angalau kama siku 21 kuizoea sura mpya, basi watu wakakata neno "angalau" wakaondoka na 21. Walipokuja kupima kweli tabia inachukua siku ngapi kuzoeleka, mtafiti Phillippa Lally na wenzake pale University College London, utafiti wao ulitoka 2010 na ulikuwa na watu 96, wastani ukawa siku 66, kuna aliyezoea kwa 18 na kuna ambao makadirio yalifika 254. Na kilichonipa moyo, kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Sasa kama kikaratasi kingeniambia hivyo tangu mwanzo nisingeacha siku ya saba, ila ukweli usemwe, nani atauza seti kwa kuandika "siku 66, labda"?

Haya tuje kwenye vitu vyenyewe.

Mafuta ya mgando ndo mfalme wa hili boksi na ndo kitu cha bei rahisi kuliko vyote humo, bila shaka waliweka kujazia nafasi. Hayana harufu, hayana rangi, hayana maneno mengi. Watu wengi wanayalaumu kwamba "hayalainishi" na kwa namna fulani wako sahihi, mafuta ya mgando hayaleti maji kwenye ngozi, yanafunika tu yaliyopo yasitoroke, kwa hiyo ukipaka kwenye ngozi kavu umefunika ukavu. Nilikuwa nakosea hapo miaka yote. Sasa hivi nikitoka kuoga najipiga taulo kidogo tu, ngozi ikiwa bado na unyevu napaka dakika hizohizo, kidogo sana, nayasugua viganjani mpaka yalegee kwanza. Kisigino changu kilikuwa na mpasuko mmoja unaonasa kwenye shuka nikijigeuza usiku, unausikia kabisa ule mkwaruzo wa uzi, krrr. Wiki ya tatu nikajigeuza na hakuna kitu kilichonasa. Nikakaa kitandani nikakishika kisigino gizani kama mwehu.

Ila hapo lazima nimpe jiwe haki yake, wanafanya kazi pamoja. Maji ya vuguvugu kwenye beseni kama dakika kumi, unasugua taratibu kwenda upande mmoja, unaacha kabla hujasikia uchungu, unakausha na katikati ya vidole, ndo mafuta halafu soksi. Mara moja kwa wiki, mara mbili ikizidi. Ratiba yao imesema kila siku, ukifuata hivyo utajichubua na ngozi itarudi ngumu kuliko mwanzo. Na mwenye kisukari asiguse hilo jiwe kabla ya kuongea na daktari wake, maana miguu inaweza isihisi kidonda, na hili halijaandikwa popote kwenye boksi.

Fesiwoshi nzuri, haina mapovu mengi, haibani uso. Naitumia jioni tu, asubuhi naosha kwa maji basi. Nyongeza ndogo: ina pampu, na usidharau pampu. Ile losheni imekuja kwenye kopo la kioo lenye kifuniko cha kuzungusha, mikono ina maji, kopo limeniponyoka mara mbili, mara ya pili likapasuka sakafuni nikatoka kuokota vioo badala ya kujitunza. Losheni yenyewe ilikuwa sawa tu ila harufu kali, kama wewe ngozi yako ina hasira achana nayo.

Sasa malalamiko makubwa. Seramu. Nyuma kabisa kwa maandishi madogo kama chungu imeandikwa ina asidi ya glikoliki. Siyo kitu kibaya, inaondoa ngozi iliyokufa na uso unang'aa kweli, ila inaifanya ngozi iwe rahisi kuungua na jua, na ushauri wa kawaida ni upake sanskrini, yani krimu ya kukinga jua, muda wote unapoitumia na wiki moja zaidi baada ya kuacha. Haya, nionyesheni sanskrini kwenye boksi. Haipo! Wameweka mshumaa, wameweka daftari, sanskrini hawajaweka, na ratiba inasema seramu asubuhi NA jioni. Mi nilianza kuona mashavu yanawaka siku ya tano nikadhani ndo "inafanya kazi". Nikaacha, nikakaa na maji na mafuta tu mpaka uso ukatulia. Ingekuwa na heshima kidogo wangeandika jioni pekee, mara mbili kwa wiki kwa anayeanza, na ujaribu kwanza nyuma ya sikio.

Sanskrini nikanunua mwenyewe, SPF 30, hiyo SPF ni kipimo cha kinga dhidi ya jua. Msibabaishwe na namba kubwa, 30 inazuia takriban asilimia 97 ya miale ya UVB, ile ya jua inayounguza ngozi, na 50 takriban 98, tofauti inaletwa zaidi na kiasi unachopaka. Mistari miwili kwenye vidole viwili, urefu wa vidole, hiyo ni ya uso na shingo, na ukiwa nje juani unarudia kila masaa mawili. Wengi tunapaka tone kama tunaonja.

Skrabu ya chumvi usiweke usoni hata wakikuambia, chembe zake zina makali. Nimempa dada'angu anaitumia viwiko. Tona inanuka spiriti, nimefutia kioo. Maski nimetumia mara moja. Mshumaa ulinikohoza.

Daftari lina kisa chake. Nilidhani ntalidharau, maswali yake ni ya kujipendekeza sana, "leo ulimpenda nani zaidi ya jana?" sijui, mi nimechoka. Ila kurasa za nyuma zilikuwa tupu nikaanza kuweka alama ya mkasi tu kila siku niliyooga, nikapaka, nikapiga mswaki dakika mbili na nikazima simu kabla ya saa nne. Alama nne, sekunde tano, naliacha karibu na mswaki. Hapo ndo nikagundua kilichokuwa kinanishinda si uvivu, ni kwamba ratiba yao ilikuwa inataka niache ninachofanya nikaanze kitu kipya, wakati mswaki tayari napiga kila siku bila mtu kunikumbusha, kwa hiyo kila kitu nimekibandika hapohapo. Mswaki, fesiwoshi, mafuta, kulala. Dakika saba nimepima.

Kabla hujanunua seti yoyote geuza makopo utafute kialama cha kikopo kilichofunuliwa chenye 6M au 12M, ni miezi ya kutumia tangu ufungue. Ukifungua kumi siku moja kama mimi zote zinaanza kuhesabu pamoja, na uso ni mmoja.

Nyota natoa mbili na nusu kati ya tano, moja na nusu ni ya mafuta ya mgando. Duka lilinitumia ujumbe jana kuniuliza kama niko tayari kwa boksi la pili, toleo la "hatua 12". Nimewajibu nauliza kama wanauza lile kopo la mafuta peke yake. Bado wako kimya.