Nimetoa friji, maikrowevu na TV ya kisogo: uzoefu wangu na wachakataji wa taka za kielektroniki Nairobi

Nitawaita tena. Nasema hivyo mapema kwa sababu huduma yenyewe inalipiwa, na ina kasoro moja nitakayoieleza, ndiyo maana jina la kampuni naliacha.

Huku kwetu Umoja friji ikifa haikai. Vijana wa mikokoteni wanaonunua skrepu huichukua kwa kilo, na sina neno nao. Ni watu wa kazi, na bila wao vyuma vingi vya mji huu vingezagaa mitaroni. Ila niliwahi kumwona mmoja akikata bomba la kompresa kwa koleo pale getini. Anachotaka ni shaba iliyomo ndani. Mlio mfupi ukasikika, gesi yote ikaenda hewani.

Gesi hiyo ndiyo iliyonifanya nitafute njia nyingine. Kibandiko nyuma ya friji yangu kiliandikwa R134a. Kilo moja ya gesi hii ikiachiwa hupasha dunia joto sawa na takriban kilo 1,430 za kaboni dayoksaidi, kwa hesabu ya miaka 100. Friji ya nyumbani hubeba gramu mia na kitu tu, lakini fikiria friji zote zinazokufa Nairobi. Zile za kale zenye R12 ni mbaya zaidi, kwani gesi yake hula pia tabaka la ozoni, na Mkataba wa Montreal wa 1987 ndio ulioanza kuiondoa sokoni. Ukikuta R600a, mwambie fundi mapema: hiyo hushika moto kama gesi ya kupikia.

Kwa hiyo kila niliyempigia simu nilimuuliza: gesi mtaitoa vipi? Wa kwanza alinijibu, "Hiyo tutaona tukifika." Nikamshukuru, nikaachana naye. Hawa wa pili walinieleza habari ya mashine ya kuvuta gesi na mtungi wake, kisha wakanitumia picha ya leseni yao ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, bila kuvutana.

Fundi wao alifunga vali ndogo kwenye bomba, akaunganisha mashine, akaniita nitazame geji ikishuka. "Mama, hii sasa iko mtungini," akasema. Mafuta ya kompresa hutolewa karakana, ndipo chuma, shaba na alumini vitenganishwe. Kuhusu maikrowevu alinisihi nisiruhusu mtu yeyote wa nyumbani aifungue: kapasita yake huweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa, na umeme huo unaua. Nilipenda sana kwamba alieleza bila haraka, huku wenzake wakisubiri kuteremsha mizigo ngazi zote zile.

Nililipa shilingi 1,500, usafiri ukiwemo. Sehemu kubwa ilikuwa ya televisheni, maana kioo chake kina madini ya risasi yenye sumu na hakina mnunuzi. Kijana wa mkokoteni angenipa pesa badala ya kunidai, na najua kwa majirani wengi hapo ndipo pagumu. Kwa maoni yangu gharama hii si yetu peke yetu. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inamtaka mzalishaji awajibikie bidhaa yake hata ikishatumika. Basi gari linaloleta friji mpya liondoke na ile kuukuu.

Kasoro ni cheti cha kuthibitisha kwamba vifaa vimechakatwa. Waliahidi kukituma jioni ile ile, nikabaki kuwakumbusha hadi nikachoka. Kilipofika kilikuwa sawa, kila kifaa na namba yake, lakini kuchelewa huko si jambo dogo. Bila karatasi hiyo sina namna ya kujua kama friji yangu haikuishia jalala la Dandora. Ukiwaita watu wa kazi hii, patana nao tangu mwanzo kwamba nusu ya malipo utaituma kwa M-Pesa ukishapokea cheti.