Seti ya ndege ya balsa ya mita 1.5: mbao safi, mengine yote nimebadilisha

Wakuu, nianze na hili nisiwapotezee muda: kama unatafuta ndege ya rimoti ya kutoa kwenye boksi asubuhi na jioni ikawa hewani, hii sio yako, pita. Hii ni seti ya kujenga mwenyewe (naandika "seti" makusudi, nikiandika "kiti" kuna mtu atauliza kina miguu mingapi). Ndani ya boksi kuna vipande vya balsa (ile mbao nyepesi sana) na plaiwudi vilivyokatwa kwa leza, ramani kubwa ya saizi halisi ya kutandika mezani, kitabu chembamba cha maelekezo, na mfuko wa vifaa vidogo vidogo ambao nitausema huko mbele. Bawa linakaa juu ya bodi, yani kiwiliwili cha ndege, ncha hadi ncha milimita 1500, upana 240, chini limenyooka juu limebinuka, yani umbo lile lile la ndege za kujifunzia tulilolizoea miaka yote. Imebuniwa kwa injini ndogo ya mafuta ila nje wameandika kwamba inapokea na mota ya umeme. Inapokea, ndiyo, kama mlango unavyopokea kabati: ukishabomoa kidogo.

Mbao kwanza maana hapo wanastahili sifa zao. Balsa haifanani, kipande kimoja kinaweza kuwa chepesi kama sifongo na cha jirani yake kikawa kizito mara mbili au tatu na mti ni wa aina ile ile, kwa hiyo fundi anayejua kazi anachagua, laini na nyepesi kwa mbavu za bawa, ngumu kwa mihimili. Nilipanga mbavu zote mezani nikaziminya moja moja kwa kidole gumba, nikazipima kwenye kamizani, na aisee walichagua kwa akili. Leza nayo imekata vizuri, ukingo umeungua kidogo tu, ubavu unaingia kwenye mhimili unatoa kile kisauti cha "tk" na unakaa. Nililipachika bawa la kulia lote bila tone la gundi nikalinyanyua kwa vidole viwili, halikudondosha hata kipande, nikabaki nalitazama tu kama mjinga.

Halafu unafika mkiani unajiuliza kama aliyechagua mbao za huko ni mtu yule yule. Mkia ni ubao mzima wa milimita 6, umejaa, mgumu, mzito. Wote pamoja na eleveta (kibao cha mkiani cha kupandisha na kushusha pua) na usukani (kile cha kugeuza kushoto na kulia) ni gramu 95. Najua kuna mtu atasema gramu 95 ni nini, sasa ngoja. Kutoka pale ndege inapobalansi mpaka mkiani ni kama milimita 700, kwenda puani kwenye mota ni 280. Ni ule mchezo wa watoto wa kupandishana kwenye ubao, aliyekaa mbali anamshinda aliyekaa karibu hata kama ni mwembamba, kwa hiyo kila gramu ya mkiani inadai gramu 2 na nusu puani ndo mlingane. Nikauweka mkia wao pembeni nikaufanya kielelezo cha kuchorea tu, nikajenga mwingine umbo lile lile ila wa vijiti vya balsa, matundu katikati na vijiti vya mshazari kama geti. Ukatoka gramu 55. Hizo 40 nilizookoa ni gramu 100 za risasi (ile metali nzito ya kuongezea uzito) ambazo sikuzibeba puani. Zilinila jioni mbili, na kama kuna badiliko moja ningekuomba ufanye hata kama hutaki kugusa kingine chochote ni hilo.

Maelekezo sasa. Picha ni ndogo na nyeusi, hatua ya 14 inakwambia gundisha kipande ambacho hatua ya 17 inataka upitishe waya ndani yake kabla hakijagundishwa, hayo ningevumilia. Nililoshindwa kuvumilia ni hili: kitabu kinasema ndege ibalansi milimita 80 kutoka ukingo wa mbele wa bawa, ramani imechora alama kwenye 70. Hiyo tofauti kwa ndege ya saizi hii ni kati ya ndege inayoruka kwa adabu na inayokukimbiza roho, na anayeisoma ndo kwanza anajifunza, atajuaje? Nilimwandikia muuzaji, akajibu baada ya siku nne: "fuata maelekezo." Nikamuuliza yapi, mpaka leo kimya. Kanuni ya kawaida ni kuanzia robo hadi theluthi ya upana wa bawa, na mara ya kwanza elemea mbele, kwa hiyo nikachukua 70, asilimia 29, nikafunga mjadala.

Ule mfuko wa vifaa vidogo: bawaba zilipungua mbili, fimbo za waya za kuvuta eleveta ni laini mno, ukisukuma zinapinda katikati kabla eleveta haijasogea, na magurudumu ni ya plastiki ngumu yanayogonga kama kokoto. Nilitoa skrubu nne nikatupa mfuko uliobaki. Fimbo nimeweka za faiba.

Tuje kwenye mota, hapa nilitumia muda mwingi kuliko bawa. Injini ya mafuta inakaa kwenye mikono miwili ya plastiki na nyuma yake kuna chumba cha tanki. Mota yangu ni ya KV 900, yani kila volti 1 inaipa mizunguko 900 kwa dakika ikiwa haijabeba kitu, kwa betri ya seli 3 ya volti 11.1 hiyo ni kama 10,000, ukifunga propela inashuka. Ni fupi kuliko injini, ukiifunga pale pale kwenye ukuta wa plaiwudi ulioko puani propela inabaki ndani ya pua, kwa hiyo nikatengeneza kiboksi cha plaiwudi ya milimita 3 kuisogeza mbele, nikakigundisha kwa epoksi ile ya kukauka taratibu, sio ya dakika 5, maana ya dakika 5 inakuacha na kitu kimekaa upande na huna muda wa kukinyoosha, na ukutani nikaongeza pembetatu za mbao kwa ndani. Supaglu sikuitumia hapo kabisa, ni nzuri kwa mbavu ila kwa mtikisiko wa mota inapasuka kama biskuti.

Na angalieni hapa. Ramani inaonyesha mota itazame chini digrii 3 na kulia digrii 2, ina sababu yake, bawa la namna hii ukiongeza moto (nguvu ya mota) linataka kunyanyua pua lenyewe na propela nayo inaivuta ndege kushoto. Lakini ule ukuta wa plaiwudi, ambao nafasi zake zimeshakatwa kwa leza huna pa kuusogeza, unakaa sawa kabisa kama ukuta wa nyumba, digrii 0. Yani aliyechora na aliyekata hawakuongea. Dawa ni washa, zile pete bapa za kuwekwa kwenye skrubu: mashimo yangu ya skrubu yako milimita 40 toka moja hadi jingine, kwa hiyo washa za milimita 2 nyuma ya skrubu za juu zinaiinamisha kama digrii 3, na za milimita 1.5 upande wa kushoto zinaigeuza kulia digrii 2 na kidogo. Kazi ya dakika kumi, ila usipojua utaruka na ndege inayopanda kama lifti kila ukigusa moto na utadhani kosa ni lako.

Chumba cha tanki ndo kimekuwa chumba cha betri. Walivyopanga wao ili ubadili betri ung'oe bawa zima, bawa lenyewe limefungwa kwa mipira kumi, kila baada ya kuruka. Hapana jamani. Nikakata kifuniko juu ya pua, sumaku nne ndogo, nikaweka trei ya plaiwudi yenye velkro ndefu ili betri iweze kusogea mbele na nyuma, hii ya kusogea itanisaidia baadae.

Eileroni zao (vibao vya nyuma ya bawa vya kulaza ndege upande) zinavutwa na sevo moja (kimota kidogo kinachotii rimoti) katikati kwa waya zilizokunjwa. Nimeweka sevo mbili za gramu 9, kila bawa na yake, hivyo naweza kuiambia rimoti eileroni ipande sana ishuke kidogo, maana inayoshuka ndo inaburuza bawa lake nyuma na pua inageukia usikotaka. Mkunjo wa mabawa pia nimeupunguza, wao wana digrii 5 kila upande, ncha inanyanyuka milimita 65, nimekata kiungo kipya cha plaiwudi cha digrii 2, milimita 26. Hili SIO la mwanzo. Ule mkunjo mkubwa ndo unaoirudisha ndege sawa mtu akiachia stiki, kama ndo unajifunza uache ulivyo.

Kufunika kwa filamu ya pasi (plastiki nyembamba inayobandikwa na kukazwa kwa joto), hapa kosa ni langu mwenyewe na nalisema. Usiku nilikuwa na haraka, nikafunika chini ya bawa la kushoto nikalikaza kwa joto mpaka likanyooka kama ngoma, nikaenda kulala, juu nikafunika kesho yake. Asubuhi bawa limejikunja kama chipsi, nyuma kwenye ncha limeshuka milimita 4. Bahati ni kwamba filamu ikipata joto inakubali kusahihishwa: mtu mmoja alishika bawa akalipinda upande wa pili kupita kiasi, mimi nikapitisha pasi juu na chini, likapoa likiwa limeshikwa hivyo hivyo, tukarudia mara tatu. Likakaa. Funika pande zote mbili kwanza, zishike kwenye kingo tu, ndo ukaze kidogo huku kidogo kule.

Uzito na betri ndani ni gramu 1650. Eneo la bawa ni desimita 36 za mraba, hiyo ni kama gramu 46 kwa kila moja, hapo ndege inatua taratibu bila kuporomoka. Mota kwa moto wote na propela ya inchi 11 kwa 5.5 imevuta ampea 34, kama wati 370, kidhibiti spidi changu ni cha ampea 50 kwa hiyo hakichemki. (Vipimo vya kuunganisha waya na kujaribu sevo nilifanya propela ikiwa imetolewa. Nina kovu la mwaka mmoja uliopita, sihitaji la pili.)

Kuruka: nilipima rimoti kwa umbali kwanza, nikaangalia eileroni ya kulia inapanda nikisukuma kulia, nikaangalia tena. Upepo mdogo, nikaielekeza ulikotoka upepo, moto taratibu, mita kama 20 ikanyanyuka yenyewe. Nikagusa trimu (vitufe vya rimoti vya kusahihisha kidogo kidogo) mara mbili kulia na basi. Kule juu nikazima moto nikaiinamisha, nikaachia stiki: ikanyanyua pua haraka, maana yake nzito mbele bado, kwa hiyo kuanzia safari ya pili betri nikaisogeza nyuma, kila safari kidogo, mpaka ikabalansi kwenye 74. Hapo ukiinamisha inatoka polepole kama mtu mwenye adabu. Wala sio 70 ya ramani wala 80 ya kitabu, lakini huo mkia mwepesi ndo ulioniruhusu kufika hapo kwa kusogeza betri tu, bila risasi hata gramu. Betri ya mAh 3300 inanipa dakika 9 na natua ikiwa imebaki akiba, sishushi seli chini ya volti 3.5 ikiwa na mzigo.

Nyota nampa 3 na nusu kati ya 5. Mbao peke yake ni 5. Kama umeshajenga moja kabla yake utafurahi, utaipinda upendavyo. Kama ni ya kwanza kwako tafuta mtu aliyewahi kujenga akae na wewe siku ya mkia na siku ya ukuta wa mota, zingine utaweza mwenyewe.

Gurudumu la mbele limeshang'oka mara mbili kwenye nyasi, waya wake umeshikwa na skrubu mbili kwenye balsa laini, sijui waliwaza nini. Sirudishi tena. Nimekata kipande kipya cha plaiwudi, miguu mikubwa inahamia mbele ya sehemu ya kubalansi na nyuma panaingia kagurudumu ka mkia kanakogeuka na usukani. Epoksi iko kwenye vibanio vya nguo hapa mezani, haijakauka bado.