Dole gumba linachubuka kwenye padi ya gemu? Vya kununua, kuanzia bora hadi vya kuacha

Lengelenge langu la kwanza lilitokea kwenye dole gumba la kushoto, pembeni mwa ukucha, baada ya jioni nzima ya gemu ya mapigano. Gemu hizo zinakutaka uanze na kishale cha chini, upinde pembeni, umalizie mbele, robo duara baada ya robo duara, juu ya kitufe chenye kingo ngumu. Kesho yake nikanunua vibandiko vya raba vya kuweka juu ya vitufe, kwa sababu vilikuwa laini na vilionekana kama dawa. Siku ya pili ngozi ilikuwa imeachia kabisa.

Nilichokuwa sijakielewa ni kwamba padi ina kazi mbili zinazopingana. Kwenye kijiti cha analogi, kile kinachoinama pande zote, unataka dole lishike. Kwenye vishale na vitufe vya kulia unataka dole liteleze, lihame kutoka kitufe kimoja kwenda kingine bila kukwama. Raba hushika, basi. Na lengelenge hutokea hivyohivyo: ngozi ya juu inanaswa mahali pamoja huku mfupa wa ndani ukiendelea kusogea, matabaka ya ngozi yanavutana mpaka yanaachana, kisha maji yanajaa katikati. Kitu laini kinachong'ang'ania ngozi kinaweza kukuumiza haraka kuliko kitu kigumu kinachoteleza.

Jasho nalo lina sehemu yake. Ngozi yenye unyevunyevu hunata kuliko ngozi kavu, na hunata zaidi kwenye plastiki inayong'aa kuliko kwenye plastiki yenye ukwaru kidogo, kwa kuwa juu ya sehemu isiyo na ukwaru ngozi hulala bapa na kugusa eneo kubwa. Ndiyo maana padi iliyotumika miaka mingi, ambayo vitufe vyake vimesuguliwa hadi vikawa kama kioo, huchubua kuliko ilivyokuwa mpya. Kabla hujatoa hela, izime, futa vitufe kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, nawa mikono na uikaushe vizuri. Wengine shida yao huishia hapo.

Nafasi ya kwanza naipa soksi za kidole, zile nyembamba ambazo wachezaji wa gemu za simu huvaa ili dole liteleze kwenye kioo. Kwenye padi zinafanya kazi nzuri ajabu. Kitambaa kinatelezea plastiki, na ngozi inabaki imetulia ndani yake. Zitazame kwa makini kabla ya kununua. Geuza soksi ndani nje uone mshono umepita wapi: ukipita katikati ya ncha, pale pale unapobonyezea, utakuchoma baada ya nusu saa. Tafuta ambayo mshono wake umekaa juu, upande wa ukucha, au isiyo na mshono kabisa. Ukubwa nao usiuchukulie kirahisi. Ikibana, dole linaanza kufa ganzi. Ikilegea, inajizungusha na kukunjamana, na kile kikunjo kinakuwa chanzo kipya cha lengelenge. Zile zenye nyuzi za fedha zimetengenezwa ili kioo cha simu kihisi kidole, kwa hiyo kama huchezi kwenye simu usilipie zaidi kwa ajili yake. Nunua jozi kadhaa, maana zinalowa jasho na zinahitaji kufuliwa.

Wazo la kuweka kitambaa kati ya ngozi na plastiki si geni. Gemu ya Mario Party ya mashine ya zamani ya Nintendo 64 ilikuwa na mashindano ya kuzungusha kijiti kwa kasi, watu wakawa wanakizungusha kwa kiganja mpaka kikachubuka. Mwaka 2000 Nintendo, kwa makubaliano na mwanasheria mkuu wa jimbo la New York nchini Marekani, ikakubali kuwapa wachezaji glavu.

Nafasi ya pili ni plasta ya kitambaa, ile ya roli wanayofungia wanamichezo vidole. Ni rahisi, inapatikana, na inakaa mahali pake kuliko soksi. Funga mzunguko mmoja tu. Ukifunga mitatu hutahisi tena kingo za vishale, na utaanza kukosa hatua ulizokuwa unazipata ukiwa umefumba macho. Ila plasta huacha gundi kwenye vitufe, na gundi hukusanya uchafu, kwa hiyo futa padi kila unapomaliza. Ukiwa tayari una kidonda, plasta ndiyo chaguo lako, si soksi.

Ya tatu ni kubadilisha padi yenyewe, na hapa ndipo pesa kubwa inapotoka. Naipanga ya tatu kwa sababu ya gharama, maana kwa faida ingeweza kuwa ya kwanza. Mambo mawili ndiyo ya kuangalia. La kwanza ni umbo la vishale: msalaba wenye kingo kali ndio unaochubua zaidi, wakati kisahani cha mviringo, kama kile cha padi za Sega Saturn, mashine ya gemu ya zamani, ambacho wachezaji wa mapigano wanakipenda hadi leo, kinaliacha dole libingirike badala ya kuburutwa. La pili ni vitufe vya nyuma. Padi ya Xbox Elite imekuwa navyo tangu 2015, na DualSense Edge, padi ya PS5 ya mwaka 2023, inavyo pia. Ukihamishia kuruka au kukwepa kwenye vidole vya nyuma, dole gumba linabaki limetulia sehemu kubwa ya mchezo. Hata kama padi yako haina vitufe hivyo, fungua mipangilio ya PS5, Xbox au Switch: zote zinakuruhusu kubadilisha kazi za vitufe bila kulipa chochote. Kitufe unachokibonyeza mara nyingi kipeleke kwenye vitufe vya begani, vile vya ukingo wa juu wa padi, ucheze hivyo wiki moja, ndipo uamue kama padi mpya inahitajika.

Vifuniko vya silikoni vya analogi nimeviweka ya nne, na ni kwa analogi peke yake. Kama dole lako linateleza kutoka kwenye kijiti unapolenga shabaha, vinunue, vinasaidia kweli. Chagua vyenye vipele vifupi. Vile virefu vinakula ngozi. Kuna pia pete za plastiki ngumu inayoteleza, zinazovikwa pale shingo ya kijiti inapogusana na tundu la padi. Ukiona unga mweupe wa plastiki kuzunguka analogi, pete hizo ndizo za kununua, ingawa kwa ngozi yako hazifanyi lolote.

Poda inakuja mwisho. Inakausha jasho na dole linateleza vizuri kwa dakika kumi hivi, kisha unaukuta mstari mweupe umeingia kwenye nafasi ya kila kitufe. Ukiitumia, paka kidogo, subiri, pangusa mikono kabisa ndipo ushike padi.

Mafuta ya kupaka na mafuta ya mgando siyapi nafasi yoyote. Yanapenya pembeni mwa vitufe hadi kwenye raba ya ndani inayorudisha kitufe juu, raba inavimba na kulegea, na kitufe kinaanza kukwama. Kama kitufe kinakwaruza chenyewe ndani ya tundu lake, mpelekee fundi padi aifungue, aisafishe na apake grisi ya silikoni kidogo sana.

Na kama lengelenge lipo sasa hivi, usilipasue. Funga plasta, weka padi chini siku mbili tatu, ngozi ya chini ipate kukomaa.