Kusachi shamba kwa Ardhisasa kabla ya kulipa

Ardhisasa, mtandao wa Wizara ya Ardhi ya Kenya, ulizinduliwa Ruaraka tarehe 27 Aprili 2021, ukaanza na rejista za Nairobi. Kuna swali moja unalolijibu vizuri: leo hii jina lililo kwenye rejista ni la nani, na je, kuna deni au zuio juu ya ardhi hiyo? Jina hilo lilifikaje pale ni swali jingine, na sachi ya mtandaoni, yaani upekuzi wa rejista ya ardhi, hailijibu. Anayenunua kwa kutegemea cheti cha sachi pekee anajiweka hatarini.

Kwanza hakikisha rejista ya eneo lako imeshaingizwa. Nairobi imo, Murang'a ilifuata, na kaunti nyingine zinaingia moja baada ya nyingine. Ambako rejista haijaingia, sachi hufanywa kwenye ofisi ya msajili wa ardhi ya eneo hilo. Nenda na nakala ya taito (hati miliki), kitambulisho na PIN ya KRA, yaani namba yako ya mlipa kodi.

Kufungua akaunti ndiko kunakowakwamisha wengi. Mfumo unalinganisha namba ya kitambulisho, majina na laini ya simu, kwa hiyo laini iliyosajiliwa kwa jina la mume, dada au mwajiri haitakubaliwa. Rekebisha usajili wa laini kwa mtoa huduma wako kabla hujajaribu tena. Mkenya aliye Doha au Minneapolis ana tatizo jingine: msimbo wa kuingilia unatumwa kwenye laini ya Kenya. Laini ikizimwa, akaunti nayo imefungika. Weka salio na uiache hewani ukiwa ughaibuni.

Kisha namba ya ardhi. Kosa la kawaida ni kuandika namba iliyo kwenye taito ya zamani. Tangu tarehe 1 Aprili 2021 namba za Nairobi za mtindo wa LR 209/ zimekuwa zikibadilishwa kuwa namba za bloku, na orodha zake zilichapishwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali. Mfumo ukisema ardhi haipo, usikimbilie kumwita muuzaji tapeli. Tafuta kwanza namba mpya kwenye orodha hizo. Sababu ya pili ni mgawanyo. Shamba likikatwa, namba ya mama hufungwa na kila kipande hupata namba yake. Muuzaji anayekuonyesha taito ya mama huku akikuuzia kipande bado hana cha kukuhamishia. Mwambie amalize mgawanyo, au muandike kwenye mkataba kwamba hulipi salio hadi taito ya kipande itoke.

Kwa miaka mingi ada ya sachi ilikuwa shilingi 500, na eCitizen, tovuti ya malipo na huduma za serikali, ikiongeza 50 zake. Lipa kwa ankara inayotolewa na mfumo, kupitia paybill ya serikali 222222. Wakala akikupa namba yake binafsi ya simu ulipie huko, huyo si wa kulipwa.

Cheti kikitoka, kisome sehemu zote tatu. Sehemu A inaeleza ardhi yenyewe: ukubwa, na kama ni frihodi (umiliki usio na kikomo cha muda) au lizihodi (ukodishaji wa miaka maalumu). Ikiwa lizihodi, hesabu miaka iliyobaki, maana miaka 99 iliyoanza 1950 inaelekea ukingoni. Ukubwa huandikwa kwa hekta ilhali madalali huzungumza kwa ekari, na hapo watu huumizwa. Ploti ya futi 50 kwa 100 inayoitwa "thumni" ni hekta 0.0465 tu, thumni halisi ya ekari ni hekta 0.0506. Ukilipia thumni, hakikisha umeelewana na muuzaji ni ipi. Sehemu B ina jina la mmiliki, ambalo lazima lilingane na kitambulisho herufi kwa herufi. Wamiliki wakiwa wawili, mmoja hawezi kukuuzia ardhi yote peke yake. Sehemu C ina mizigo: rehani ya benki, tahadhari ambayo wengi huiita kosheni (onyo lililosajiliwa na mwenye madai juu ya ardhi), kizuizi cha msajili, au zuio la mahakama. Rehani inaweza kulipwa na kuondolewa. Zuio la mahakama maana yake kuna kesi, na hapo acha pesa zako mfukoni hadi wakili asome faili.

Sasa yale ambayo cheti hakiyasemi. Hakikuonyeshi nani anaishi pale, na aliyekaa kwa uwazi bila ruhusa kwa miaka 12 anaweza kudai ardhi hiyo mahakamani. Hakikuonyeshi mipaka pia: kwa kifungu cha 18 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, ramani huonyesha mipaka ya kukadiria isipokuwa rejista iseme imepimwa rasmi. Mlipe mpima ardhi mwenye leseni atafute bikoni, yaani alama za mipaka.

Kubwa kuliko yote ni asili ya taito. Katika kesi ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa, iliyoamuliwa tarehe 21 Aprili 2023, Mahakama ya Juu ilisema kwamba kuwa na taito hakutoshi ikiwa ardhi ilitolewa kinyume cha sheria tangu mwanzo. Kilikuwa kiwanja cha Nyali, kando ya bahari, na mnunuzi hakuokolewa na karatasi zake. Kwa hiyo omba pia nakala iliyothibitishwa ya rejista yenyewe, grinikadi kwa mashamba mengi, pamoja na barua ya ugawaji ikiwa ardhi ilikuwa ya umma. Kifungu cha 34 cha Sheria ile ile ya Usajili wa Ardhi kinakupa haki hiyo ukilipa ada. Fuata majina kutoka wa kwanza hadi muuzaji wako, na uhamisho wowote usio na hati nyuma yake utake maelezo.

Usikubali PDF ya sachi kutoka kwa muuzaji, fanya yako. Cheti kinaeleza hali ya dakika kilipotolewa, na rehani inaweza kusajiliwa kesho yake. Fanya sachi kabla ya kutia sahihi, usajili kosheni kwa kutumia mkataba wako mara tu mkishasaini, kisha urudie sachi asubuhi ile ile unayolipa salio.