Kuupiga picha Kilimanjaro: Moshi au Amboseli?

Mlima ni ule ule, mita 5,895, ila sura mbili. Ukiwa Moshi, kilele cha Kibo, chenye theluji, kiko kushoto na kile cha Mawenzi kulia. Ukivuka mpaka hadi Amboseli, hifadhi ya wanyama upande wa Kenya, unautazama kwa nyuma: Mawenzi inahamia kushoto.

Moshi hulipi kitu. Unatoka na kikombe chako cha chai, mlima huo juu ya mabati. Kero ni nyaya za umeme, na mawingu. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi theluji huwa wazi. Ikigonga saa nne, mara nyingi kilele kimeshajifunika, kisha jioni hufunguka tena. Ukikosa leo, kesho upo.

Amboseli kuna kiingilio na gari la kulipia, tena si hela ndogo. Unachonunua hasa ni kilicho mbele ya mlima: tambarare, migunga, na tembo wakivuka kwa mstari. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Lenzi pana ya simu inaufanya mlima uwe kichuguu. Mwombe dereva asimame mbali na tembo, kuza mara tatu, na mlima utawasimamia mgongoni. Injini izimwe, maana mtetemo wake unatia ukungu kwenye picha. Wenye kamera kubwa, kiangazi msibadilishe lenzi nje. Vumbi la kule halina adabu.

Kwa picha ya kutundika sebuleni, naenda Amboseli. Kwa kuuzoea mlima wenyewe, Moshi, tena bila kusita.